Breki Huulizwa Mwisho

Mwaka juzi niliazima baiskeli ya jirani nikaenda nayo soko la Mgandini. Ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, ina giya saba na rangi ya kijani iliyokuwa bado inang'aa. Wakati wa kurudi, karibu na njia panda, mtoto akachomoka uchochoroni akikimbiza tairi bovu kwa kijiti. Nikabana breki kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kwenye baiskeli yangu nyeusi mkono wa kushoto hushika gurudumu la nyuma. Kwenye hii ya jirani ulishika la mbele. Gurudumu likasimama, mimi nikaendelea. Nilipoinua uso viganja vilikuwa vimechunika, na yule mtoto amesimama na tairi lake ananitazama kama aliyelipia kiingilio.

Baiskeli nikaipeleka kwa fundi. Akanyoosha usukani, akakaza cheni, akajaza upepo, akazungusha pedali mara mbili tatu huku ametega sikio, akaniambia tayari. Breki hakuzigusa. Nami, damu ikiwa bado haijakauka kiganjani, sikumuuliza.

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba badala ya majina, na hukosi kukuta mwembe au kibanda chenye baiskeli zilizopinduliwa miguu juu. Tangu siku ile nimezoea kuketi kwenye benchi la kijiwe kimoja na kuhesabu kinachowaleta watu. Wanakuja na pancha. Wanakuja na cheni inayoruka, spoku zilizokatika kwa uzito wa kerea, friwili inayozunguka bila kushika. Anayekuja kwa sababu ya breki pekee unaweza kumsubiri kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Kinachotuzuia kwenda tunakikimbiza kwa fundi. Kinachotuzuia kusimama tunaishi nacho, na soli ya kandambili inafanya kazi ya raba. Nimemwona mtu mzima, mwenye gunia la mkaa nyuma, akisimamisha mzigo wote ule kwa kisigino.

Uvivu wetu upo, lakini haumalizi maelezo. Kijiweni zinakutana baiskeli za koo mbili ambazo hazikuzaliwa zijuane, na ugomvi wao mkubwa uko kwenye vipimo na kwenye vile vinavyoshikwa kwa mkono.

Ukoo wa kwanza ni baiskeli nyeusi. Umbo lake ni la Uingereza, na Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyotajwa sana na babu zetu. Baadaye umbo lilelile likatoka Shanghai kwa jina la Phoenix, na Ludhiana, India, kwa majina ya Hero na Avon. Fremu ni chuma kizito, rimu ni ya 28 kwa inchi moja na nusu, na breki ni za fito. Hakuna waya. Ukibana mkono, fito inavuta kipande cha chuma chenye umbo la U, nacho kinapandisha raba mbili zigandamize tumbo la rimu, upande unaotazama spoku. Ni mtambo wa kizamani unaovumilia vumbi na chumvi ya bahari, na bisibisi na spana moja vinatosha kuurekebisha.

Ukoo wa pili ni mitumba, nao hauna baba mmoja. Ziko za Japani zenye kikapu mbele na kifuniko cha cheni. Ziko za Uholanzi na Ujerumani zinazofunga breki ukikanyaga pedali kinyumenyume. Ziko za mlimani zenye tairi pana na giya nyingi. Kila moja imekuja na tabia za kwao, na tabia hizo hazikuandikwa popote kwenye fremu.

Tuanze na tairi, kwa sababu ndilo linalokula fedha bure. Mteja anafika dukani anaomba tairi la 26. Muuzaji anamuuliza rangi. Lakini 26 ni jina tu, linabebwa na matairi yasiyofanana. Tairi la baiskeli ya mlimani linaloandikwa 26 × 1.75 au 26 × 2.10 hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, pale waya wa ukingo wa tairi unapolalia. Lile jembamba linaloandikwa 26 × 1 3/8, la baiskeli nyingi za Japani, hukaa kwenye milimita 590. Tofauti ni milimita 31, hakuna nguvu ya mkono itakayoimaliza. Namba 28 nayo ina mtego wake: ya baiskeli nyeusi ni milimita 635, ilhali 28 nyingi za Ulaya ni milimita 622. Na 27 × 1 3/8 ya Japani, milimita 609, ndiyo inayoliza watu kabisa. Ukichakaza tairi lake hapa, hutapata jingine ila kwa bahati, kwa kuwa 27 ya Kiingereza ni milimita 630.

Dawa ipo, imechapwa ubavuni mwa tairi kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale linapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Ile ya pili haina mjadala: ikilingana, tairi litaingia; isipolingana, hata kama dukani wanaapa kwa jina la Mungu, rudisha. Hatari kubwa ni tairi lililo kubwa kidogo kuliko rimu. Linaingia kwa raha, unafurahi, kisha upepo ukijaa linachomoka ukingoni na tyubu inapasuka kwa mshindo wa kufukuza kuku. Iandike namba yako chini ya kiti kwa rangi. Mimi nimeandika, na imeniokoa mara mbili.

Pancha zenyewe nisizizungumzie sana, kila mtu ana shahada yake. Niseme mawili tu. Baiskeli nyeusi na nyingi za Japani zina ile valvu yenye kimpira chembamba ndani, na kimpira hicho hukauka na kupasuka. Upepo unatoka polepole, usiku kucha, na mwenye baiskeli anabandika viraka juu ya tyubu nzima. Kabla ya kuvua tairi, weka mate kwenye ncha ya valvu uangalie kama yanatoa povu. Pili, ukishapata tundu kwenye tyubu, ilaze juu ya tairi kama ilivyokuwa imekaa, utajua mahali pa kutafuta mwiba. Fundi mwenye haraka anaziba tundu na kuuacha mwiba ndani, nawe kesho unarudi na pesa nyingine. Sitaki kusema ni makusudi.

Cheni nayo ina kipimo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka pini moja hadi pini inayofuata ni nusu inchi. Kwa hiyo chukua rula ya mtoto wa shule, ile yenye inchi upande mmoja, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja na uhesabu pini 24 mbele. Cheni isiyochakaa itakuonyesha pini iko sawasawa kwenye alama ya inchi 12. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni peke yake. Ukiiacha mpaka ipite kwa sehemu moja ya nane, meno ya friwili na ya giya kubwa yameshachongeka kuifuata, na cheni mpya itaruka juu yake mpaka ubadilishe vyote. Hapa pwani chumvi huila cheni kabla hujaichosha. Oili chafu ya gari, tunayopewa bure gereji, inabeba chembe za chuma na masizi ya injini. Ni kama kupaka msasa wa majimaji. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, dondoshea oili safi nyepesi kwenye kila kiungo, kisha futa ya nje yote. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni.

Kabla ya kurudi kwenye breki nimwonye anayejitengenezea nyumbani: pedali ya kushoto hufunguka kwa kuizungusha kulia, kinyume cha nati zote ulizozijua tangu utoto. Imefanywa hivyo ili ukanyagaji wako usiilegeze njiani. Nimeona krenki zilizochubuliwa nyuzi zake zote na mtu aliyeamini kwamba imeshika kutu, anaongeza bomba kwenye spana, anaita jirani amsaidie. Na ukifungua habu, hesabu gololi kabla hazijamwagika mchangani. Kwa kawaida nyuma ni 9 kila upande za robo inchi, mbele 10 ndogo zaidi. Zikichakaa badilisha zote. Gololi mpya mbili kati ya zilizolika ndizo zitakazobeba uzito wote, nazo zitapasuka.

Sasa breki. Wengi tulifundishwa na kaka zetu kwamba ya mbele usiiguse, itakupindua. Kwa aliyetoka kupinduliwa, kama mimi, ni rahisi kuamini, na wapo mafundi wanaoing'oa kabisa ya mbele mteja akilalamika inasugua. Lakini ukipunguza mwendo ghafla uzito wako unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuanza kuburuzika. Breki ya nyuma peke yake inakusimamisha mbali sana na pale ulipotaka. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, na kwa sababu hiyohiyo lazima ijulikane iko mkono gani, ibanwe taratibu ikiongezeka, mikono imenyooka na makalio yamerudi nyuma ya kiti. Mimi niliponzwa na kutojua mkono.

Kutojua huko kuna sababu ya kijiografia. Uingereza na Japani, wanakoendesha kushoto kama sisi, breki ya mbele huwekwa mkono wa kulia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba anayekata kulia kuvuka magari hunyoosha mkono wa kulia, akabaki na wa kushoto kwenye breki ya nyuma iliyo salama zaidi kwa mkono mmoja. Bara la Ulaya na Marekani, wanaoendesha kulia, wamegeuza: ya mbele iko kushoto. Baiskeli nyeusi ilirithi desturi ya Waingereza. Kontena la mitumba linashusha za Japani na za Ulaya pamoja, zinapangwa ukutani zikiwa zimeegemeana, na mnunuzi anachagua kwa rangi.

Kuzigeuza ni kazi ndogo ikiwa breki ni za waya. Unafungua waya zote mbili, ile iliyokuwa mkono wa kushoto unaipeleka wa kulia, na wa kulia kushoto, unarekebisha urefu, basi. Wakati mwingine mfuko wa waya hautafika, ukanunua mwingine. Katika kununua huko kuna jambo ambalo ningelipigia ngoma mtaani. Mfuko wa waya wa breki na mfuko wa waya wa giya inafanana kwa nje, lakini wa breki umesukwa kwa chuma kilichojizungusha kama springi, na wa giya una nyaya nyembamba zilizolala wima. Ule wa giya ukiufunga kwenye breki, siku utakapobana kwa nguvu zako zote utapasuka ubavuni, na mkono wa breki utagusa usukani bila kuvuta kitu. Siku hiyo haitakuwa siku ya majaribio. Ukate kidogo mwisho uangalie ndani kabla ya kulipa.

Mchanganyiko mwingine unaofanywa kwa nia njema ni wa mikono ya breki. Mwaka 1996 Shimano walileta ile breki yenye mikono miwili mirefu iliyosimama pembeni ya rimu, inayojulikana kwa herufi V, ambayo sasa iko kwenye baiskeli nyingi za mlimani. Inahitaji kuvutiwa waya mrefu. Mkono wa breki wa aina za zamani unavuta waya mfupi, kwa hiyo ukiufunga kwenye breki ya V utabana mpaka mwisho kabla raba hazijashika vizuri. Kinyume chake, mkono wa V kwenye breki ya zamani unahisi mgumu na imara ajabu kiganjani, mteja anasifu, lakini nguvu inayofika kwenye rimu ni kidogo. Mkono usikudanganye. Jaribu kwa kusukuma baiskeli huku umebana: ya nyuma gurudumu liburuzike, ya mbele mkia wa baiskeli unyanyuke. Kisichofanya hivyo hakijatengenezwa.

Baiskeli nyeusi hairuhusu michezo hiyo. Watu hujaribu kuiwekea breki za waya kwa sababu fito zake zimechoka, wanagundua kwamba rimu yake ina mabega ya mviringo na haina ubapa wa pembeni ambao raba za waya zingeshika. Lazima ubadilishe na rimu, au ubaki na fito uzitunze. Kuzitunza ni kubadilisha raba kabla chuma hakijagusa chuma, kukaza vile vishikio vinavyobeba fito kwenye fremu, na kunyoosha rimu iwe duara kamili, kwa kuwa breki hii inasumbuliwa zaidi na rimu iliyobonyea kuliko iliyoyumba. Na mvua ikinyesha, jua kwamba rimu ya chuma iliyong'arishwa inapolowa inateleza mno. Breki iliyokushika asubuhi jioni inakuwa kama ahadi ya mdaiwa. Masika bana mapema, kausha rimu kwanza, ndipo ubane tena.

Kati ya breki zote zilizoingia na mitumba, ile ya kukanyaga nyuma ndiyo ninayoipenda, nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Iko ndani ya habu, mvua na vumbi haviioni, haina waya wa kukatika. Wapo wanaoiondoa kwa sababu haikuwaruhusu kuzungusha pedali kinyumenyume wakiwa wamesimama. Ina masharti mawili. La kwanza, kile kimkono cha chuma kinachotoka ubavuni mwa habu lazima kifungwe kwenye bomba la fremu kwa kishikio na bolti. Kikiachwa huru, siku ya kubana ekseli yote inazunguka na nati zinafunguka. La pili, cheni ikikatika huna breki, kwa hiyo ya mbele lazima iwepo. Na kwenye miteremko mirefu kama ya Lushoto, joto huyeyusha na kuunguza grisi yake. Huko punguza kazi yake kwa kuisaidia na ya mbele.

Nimefika kwenye kiini cha mambo, nacho ni mikono. Kila kitu nilichokieleza kimebuniwa kwa mtu mwenye mikono miwili yenye vidole kumi vyenye nguvu, miguu miwili inayolingana, na kimo fulani. Mke wangu ana vidole vifupi, na mkono wa breki wa baiskeli aliyonunuliwa ulikuwa mbali naye kiasi kwamba aliufikia kwa ncha za kucha. Aliendesha mwezi mzima hivyo, akidhani ndivyo baiskeli za kisasa zilivyo. Kumbe pale mkono wa breki unapoanzia mna skrubu ndogo. Ukiikaza, mkono unasogea karibu na usukani. Dakika mbili. Mingine haina skrubu hiyo, lakini hata kuinamisha mkono wote uelekee kule vidole vinakotokea, ukifuata mstari wa kigasha, kunapunguza nusu ya taabu. Hakuna fundi aliyewahi kumuuliza kama anaufikia.

Kwa mwenye arthritisi au makovu ya moto, anayeshindwa kukunja vidole, zungushia vishikio vya usukani vipande vya tyubu kuukuu mpaka viwe vinene. Kitu kinene kinashikika bila kukunja sana. Giya zenye kubofya kwa kidole gumba zikimshinda, au zikiwa za namba isiyolingana na friwili zikawa zinaruka, mwekee kile kimkono cha giya cha zamani kisicho na hatua, unachokisukuma kwa kiganja na kusikiliza mpaka cheni itulie. Kinafanya kazi na karibu kila friwili. Vijana wanakiona cha kishamba, lakini ndicho pekee kijiweni kisichojali ndugu zake ni nani. Mwenye mguu mmoja mfupi afungiwe kibao juu ya pedali ya upande ule, kwa bolti zinazopita kabisa, isiwe kwa kamba. Mwenye goti lisilokunja vizuri anasaidiwa na krenki fupi, kwa sababu duara dogo linahitaji mkunjo mdogo.

Na wale wasiotumia miguu kabisa wana baiskeli zao za magurudumu matatu, zinazochochewa kwa mikono. Mpakani Goma na Gisenyi zimekuwa vyombo vya biashara, zimejaa mizigo kuliko pikipiki. Kwetu huonekana zaidi siku ya makabidhiano, zimepangwa mstari, zimefungwa utepe, mgeni rasmi amesimama pembeni. Baada ya miezi unaikuta moja nyuma ya nyumba, tairi limeoza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia vifaa saidizi na haki ya kuvipata. Anayeviweka barabarani siku ya mia mbili ni fundi wa pancha wa mtaani, na hakualikwa kwenye hafla.

Mmarekani Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, ametumia maisha yake kusisitiza kwamba kiti cha magurudumu kijengwe kwa vitu vinavyopatikana pale kinapotumika, na viti vya mradi wake wa Whirlwind vinatumia matairi ya kawaida ya baiskeli. Ndilo swali la kwanza ambalo ningeliuliza kabla utepe haujakatwa: tairi hili ni namba gani, na linauzwa wapi mjini hapa? La pili ni breki. Mwendeshaji wa baiskeli ya mikono ana mikono miwili na yote iko kwenye krenki. Akitaka kubana lazima aachilie mkono mmoja, na usukani uko kwenye krenki hiyohiyo. Suluhisho zuri nililoliona ni habu ya kukanyaga nyuma iliyosukwa kwenye gurudumu la mbele, linaloendeshwa na mikono: ukirudisha krenki nyuma unafunga. Juu ya hapo inahitajika breki ya kuegeshea, inayojifunga na kubaki imefungwa, kwa sababu wakati wa kuhama kutoka kwenye kiti kwenda kitandani ndipo baiskeli inapomkimbia mwenyewe.

Mengi ya haya nimejifunza kwa mzee mmoja wa kijiwe, fundi asiyependa maneno. Siku moja alikuja kijana anayesambaza mikate, mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kifundo. Ulichukuliwa na korona, mashine ya kukwangua majani ya katani, huko shambani. Ana baiskeli nyeusi, kasha la mikate nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pancha?"

"Hapana. Nikishuka bandarini sisimami."

Mzee akaweka chini kikombe cha kahawa. Akaizunguka baiskeli mara moja. Fito ya mkono wa kulia, ya gurudumu la mbele, ilikuwa nzima ila raba zake zilikuwa zimekwisha. Ya kushoto, ya nyuma, ilikuwa haina wa kuibana. Akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na gurudumu la baiskeli ya Kiholanzi iliyokufa, habu yake ni ya kukanyaga nyuma. Akalipangusa tairi kwa kidole gumba, akaniita nimsomee maandishi, macho yake hayakuwa ya kazi hiyo tena. Nikasoma 40-635.

"Ndugu yake," akasema.

Likaingia kwenye fremu kana kwamba lilitoka humo. Kishikio cha kile kimkono cha habu hakikuwepo. Akakata ukanda wa bati nene, akaukunja kwenye bomba la fremu, akatoboa, akatia bolti na nati mbili. Akang'oa fito za nyuma zote, uzito bure. Mbele akatia raba mpya. Kisha akachukua kipande cha tairi, akakifunga upande wa kushoto wa usukani kama kikombe kilicho wazi juu, kijana alaze kigasha chake humo na kuelekeza. Nilimshauri aweke na mkanda wa kukishika. Akanitazama.

"Akianguka atautoa vipi mkono?"

Nikanyamaza. Kijana akapanda, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi kwa kasi, akakanyaga nyuma na kubana mbele kwa pamoja. Tairi likachora mstari mfupi mweusi kwenye lami. Akashuka anacheka, akahesabu pesa, akazikabidhi, akaanza kuondoka. Hatua kumi hivi, akageuka.

"Na kengele, mzee? Iko kushoto."

Mzee alikuwa ameshakiinua kikombe chake. Akakirudisha chini, akachukua bisibisi.